Siku moja maishani mwangu: kumshtaki daktari

Saa 12:30 asubuhi. Niko ferini, natoka Likoni. Mimi ni kiongozi wa mashtaka, na leo naanza kuita mashahidi dhidi ya daktari anayedaiwa kuwaandikia watu tramadol, dawa kali ya maumivu, kiholela.

Saa 2:15. Mahakamani, Treasury Square, Mombasa. Shahidi wangu ameketi nje, amekumbatia bahasha ya hospitali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wataniuliza ya kitaalamu?"

"Wewe sema uliyoyaona tu, mamangu."

Saa 3:40. Anaeleza jinsi kijana wake, mpakuzi wa magunia, alivyokwenda kwa daktari na maumivu ya mgongo. Hakuguswa wala hakuulizwa lolote. Alitoka na tramadol na diazepam, dawa ya kutuliza, tena za mwezi mzima. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini, pumzi huweza kukata. Kijana aliwahiwa, alhamdulillahi.

Wakili wa utetezi akasimama. "Mama, wewe ni daktari?"

"La."

"Basi umejuaje kwamba dawa zilizidi?"

"Sikusema zilizidi. Nimesema hakumpima."

Kesi yangu yote imo katika jibu hilo.

Saa 7. Sala, chakula, narudi ofisini.

Saa 8:30 mchana. Nakala za daftari la zahanati. Kijana wa miaka 19 na mzee wa 70 wameandikiwa dozi ile ile, mwandiko mmoja, na sehemu ya uchunguzi iko tupu kwa wote wawili. Lakini kuna mgonjwa wa saratani ambaye uzito wake umeandikwa, barua ya rufaa ipo, na mofini yake imeongezwa kidogo kidogo. Mpelelezi anataka karatasi yake nayo iingizwe kwenye ushahidi kwa kuwa dozi yake ndiyo kubwa kuliko zote. Nimekataa. Mwili huizoea mofini, na maumivu ya saratani hayangoji. Tukimshtaki daktari kwa karatasi hiyo, kesho nani atathubutu kumwandikia mgonjwa anayelia usiku kucha?

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya daktari aitwaye Ruan, ilisema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba daktari alijua anatoa, au alikusudia kutoa, dawa nje ya idhini yake. Uamuzi huo hautufungi sisi, ila swali lake ndilo ninalojiuliza kwa kila ukurasa: alijua?

Saa 11 jioni. Nimeiondoa karatasi ya mgonjwa wa saratani kwenye orodha ya vielelezo, na nimeagiza wakili wa utetezi apewe nakala yake. Ana haki ya kuiona.