Meza nzima ya saintpaulia, na bado ua linaisha

Kwenye kitalu changu hapa Nyali hakuna mmea unaonitia maneno na wateja kama saintpaulia, yale maua madogo ya vikopo mnayoyaita African violet. Juzi mama mmoja kashika kikopo, kakigeuzageuza, kaniuliza: "Kaka, mwasema ua hili laisha duniani, mbona umepanga meza nzima?"

Jibu lake ni refu kwa mtu aliyeacha gari likinguruma, basi naliandika hapa.

Haya ya vikopo asili yake ni Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta huko, akampelekea babake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea wa Hannover, akayapa jina la ukoo huo. Rangi nyingi mnazozishangaa madukani zimetokana na mimea michache mno ya wakati ule. Letu la bara ya Kilifi ni jamaa yake: rupicola, linaloota kwenye mawe ya chokaa ya Cha Simba na machache ya jirani. Hilo ndilo lililo katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. La Taita, teitensis, hali ni hiyohiyo, nalo kwao ni msitu wa Mbololo tu.

Mamangu ni Mkambe, kwa hiyo mawe yale nayajua. Ukipita na bodaboda huoni kitu. Mpaka uingie kwenye nyufa, pasipofika jua, ndipo uyaone majani yamejibandika ukutani, udongo wenyewe haujai kiganja. Juu yake kuna miti iliyong'ang'ania mwamba kwa mizizi. Mtu akija kukata mti ule kwa ajili ya makaa, au kupanua shamba la mahindi, jua la saa sita linapiga jiwe na majani yanakauka. Na ua hakuna aliyeligusa.

Wenzangu wa vitalu huniambia: leta majani, tuyazidishe. Kuzidisha si kazi. Unakata jani na kikonyo chake, unachomeka kwenye mchanga wenye unyevu, unafunika kwa chupa ya maji iliyokatwa, unasubiri vichipukizi. Lakini miche mia ya jani moja ni mmea mmoja uliojirudia. Ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Damu mpya iko kwenye mbegu, na mbegu inataka nyuki. Litazame ua lililofunguka: kile kijiti cha kike kimepinda upande mmoja, kwenye ua jingine kimepinda upande wa pili. Chavua imefungiwa kwenye vifuko vya manjano, mpaka nyuki avitetemeshe ndipo itoke. Nyuki huyo anaishi msituni, haji kwenye meza yangu.

Wapo wanaotaka niwaletee "ile orijino ya porini", na pesa wanaitoa. Siuzi. Hata picha nikiiweka sitaji ni jiwe lipi, maana wakusanyaji nao wana simu.

Ninachofanya ni kuotesha mbambakofi, mti wa kuyarudishia mawe yale kivuli. Mbegu yake, ile nyeusi yenye kofia nyekundu, ni ngumu. Naikwaruza kwa tupa kabla ya kuipanda. Haina soko, watu wanataka miashoki ya ua wa nyumba. Mwenye shamba chini ya mawe yale, miche ipo na simtozi kitu. Aje na gunia la kubebea, kabla ya mvua za Aprili.