Asali ya Baba na kidonda cha Baba

Baba ni mrina asali wa Sikonge, Tabora. Mimi ni muuguzi. Mwaka juzi mzinga wa gome ulimponyoka juu ya mti ukamchana ugoko. Alipofika kwangu ilikuwa wiki ya tatu, keshameza amoksilini ya dukani mara mbili, kila mara nusu dozi, na kidonda kinanuka hadi sebuleni. Usaha ukapelekwa kuoteshwa maabara. Karatasi ya majibu ilisema stafilokokasi, bakteria wa kawaida wa vidonda, na chini yake R, R, R, dawa baada ya dawa. R maana yake sugu: dawa hiyo haimwui.

"Mwanangu, si unipake asali tu?"

Nilimkatalia, tena kwa ukali. Daktari wa zamu ndiye aliyenituliza. Alimbadilishia Baba dawa kufuata majibu, kisha akatoa tyubu ya asali ya maua ya mti wa manuka kutoka New Zealand, ya hospitali kabisa. Akanieleza: sukari ya asali humfyonza bakteria maji, uchachu wake humtesa, na kimeng'enya anachoweka nyuki, kikikutana na majimaji ya kidonda, hutoa peroksaidi kidogo kidogo, ileile tunayosafishia vidonda wodini. Manuka ina pia kemikali yake ya ziada. Bakteria aliyezoea dawa moja hupata kazi kuyazoea yote hayo kwa pamoja.

Nilipaka kwenye shashi, nikafunga. Siku ya nne harufu ilikata. Shashi ilibanduka yenyewe bila kuchuna nyama, na chini palikuwa pekundu, pabichi, pazuri. Dawa mpya nayo ilifanya kazi yake, siwezi kuipa asali sifa zote. Wala asali ya kunywa haichukui nafasi ya dozi.

Ya Baba sikuitumia. Asali mbichi huweza kubeba mbegu za bakteria hatari (ndiyo maana mtoto chini ya mwaka 1 halambishwi), na ukiichemsha unaua kimeng'enya. Ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama.

Baba aliinusa ile tyubu muda mrefu. "Hii si ya maua ya miti yetu, mtundu wala muyombo. Yetu ina kasoro gani?"

Kasoro haijui mtu, maana hii ya Baba haijapimwa. Ameniachia ndoo ya lita 20 jikoni. Nimejaza chupa tatu ndogo, nimeandika tarehe na msitu ilikotoka, na sasa natafuta maabara itakayokubali kuziweka mbele ya stafilokokasi sugu. Kama unafanya kazi kwenye maabara ya namna hiyo, niandikie.