Mapazia aliyoyarudisha Sofia

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na riwaya nazisoma jioni nikishafagia vipande. Mwezi huu nimeirudia The Color Purple ya Alice Walker, ya mwaka 1982. Wanaoipenda husimulia pale Celie, aliyepigwa na mumewe miaka na miaka, anapoanza kushona suruali na kula jasho lake. Hata mimi napapenda: Shug, mwimbaji anayempenda, anamtia sindano mkononi, mkono uleule uliokuwa ukitamani wembe wa kumuua mumewe. Lakini safari hii nimekwama nyuma ya hapo.

Harpo, mtoto wa mume wa Celie, anataka mkewe Sofia amtii. Anamuuliza Celie afanyeje. Celie, anayekijua kipigo kuliko yeyote nyumba ile, anajibu: mpige. Kisha usingizi unampaa zaidi ya mwezi. Sofia akishapata habari, anamrudishia Celie mapazia aliyompa, na uzi, na dola moja juu yake.

Na uzi! Fundi mwenzangu ataelewa. Mtu akikurudishia mpaka uzi, hataki chako chochote kibaki kwake.

Celie anakiri ni wivu. Sofia anaweza kile asichokiweza yeye, kupigana. Wanazungumza mpaka wanacheka, kisha wanayafanya mapazia yaliyoharibika vipande vya kushonea blanketi la viraka. Kwangu mimi Celie anaanza kujijua hapo, kabla ya suruali, anapotamka mbele ya mwanamke mwenzake ubaya aliomtendea.

Shuleni tulifundishwa kuandika: "mwanamke amechorwa kama mvumilivu." Nukta. Nilipoisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, nikamtia Regina, mke wa Zakaria mlevi, kwenye fungu hilohilo, nikaona nimemaliza. Riwaya ile ilitoka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sikuwahi kuuliza uvumilivu ule unafundishwa na nani. Mara nyingi ni sisi, chumbani, mlango umefungwa, kwa sauti ya upole.

Mwaka 2009 binti wa jirani alikuja kibandani kwangu mchana, mtandio umeshushwa hadi kwenye nyusi. Alipoufunua, jicho la kushoto lilikuwa limeziba. Nilikuwa napiga pindo sare za shule. Sikuinuka. Mguu wangu uliendelea kukanyaga cherehani huku nikimwambia, "Rudi mwanangu, ndoa stara. Sisi wote tumepita huko."

Tumepita, kweli. Mimi nilipita miaka sita na sikumwambia mtu. Yeye alikuwa na miezi minne tu kwenye ndoa na tayari ametoka mchana kweupe kusema. Nililoliita busara siku ile lilikuwa wivu, na imenichukua miaka yote hii, na Celie, kulipa jina lake.

Alifunga mtandio, akasema, "Ahsante, dada." Sauti ile ninayo mpaka leo.

Nasikia sasa anaishi Muheza, peke yake na watoto wawili. Mama yake kanipa namba. Nilimpigia jana, nikamwomba nifike, akanyamaza kidogo, akasema, "Njoo." Jumamosi napanda Hiace ya asubuhi.