Chuo Ujerumani bure? Haya njooni

Mnaojaa inboksi mkiuliza kama chuo Ujerumani ni bure kweli, haya leo niseme. Vyuo vingi vya serikali ada hakuna, unalipa mchango wa semista tu, ila ukienda jimbo la Baden-Württemberg na wewe sio wa Umoja wa Ulaya ni euro 1,500 kila semista, hilo mawakala wengi huwa wanalirukaga. Kimbembe kiko kwenye viza, wanataka uwe umeshaweka euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, halafu ukifika unaachiwa 992 kwa mwezi, hela yako mwenyewe lakini unapewa kama posho 😂

Kilichonichapa mimi lakini ni Disemba. Saa kumi jioni Berlin giza linaingia, unatoka lekcha unahisi umepitiwa na usingizi darasani. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, mtaa kimyaaa, unasikia tu tairi za baiskeli ya mtu zikigonga mawe. Nikajiunga na kikundi cha kukimbia, sio ushujaa wowote, nilitaka tu mtu wa kunisalimia.

Na kazi mwanafunzi wa nje anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, kwahiyo anayekwambia kibarua kitalipa kila kitu mbane vizuri akupigie hesabu.