Dainamo ibaki, waya zote nje

Jana usiku sikulala vizuri na wala sio mbu. Ni trekta. Ile Massey Ferguson 35 ya marehemu baba, ya Perkins silinda 3, iko chini ya mwembe hapa Bweyale, Uganda, tangu wiki jana, siku ile moshi ulipotoka chini ya dashibodi nikachomoa waya ya betri kwa mkono huku napiga kelele kama nimekanyaga nyoka.

Leo nimeifungua. Jamani. Waya zimevishwa uzi wa pamba wa kizamani, ukikunja kidogo tu ganda linamomonyoka kama muhogo mkavu, shaba ndani kijani. Halafu kila fundi aliyepita kaacha lake, huyu kaunga na waya wa redio, yule kazungusha kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki, akafunga na uzi, fyuzi hakuna hata moja. Na ndo hiyo nilikuwa naingia nayo lami ya Gulu jioni malori yakinipita.

Fundi wangu anataka tutoe dainamo, ile mashine ya kizamani inayochaji betri injini ikizunguka, tuweke altaneta, mrithi wake wa kisasa. Anasema dainamo haichaji injini ikizunguka polepole, altaneta inachaji tu, na hapo hajakosea. Lakini nikakaa na kalamu. Dainamo yangu inatoa ampea 11. Taa za mbele za zamani ni wati 45 mara mbili, 90, gawa kwa volti 12 unapata 7.5, weka na za nyuma, betri inabakiziwa makombo. Nikifunga LED mbili za wati 18 zinakula ampea 3 basi. Na hii ni dizeli, ikishawaka haiombi umeme, pampu inazungushwa na injini yenyewe, kuizima unavuta kamba. Sasa altaneta ya nini?

Kinachonisumbua ni kwamba chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, chuma chenyewe cha trekta, Waingereza enzi zile walifanya hivyo sana. Mwaka jana mpwa wangu alifunga soketi ya kuchajia simu bila kujua, ganda lake likashika bodi, simu ikafa hapohapo, wiki nzima hatukusemeshana. Kwa hiyo tunageuza, hasi iende bodi. Stata haijali, itazunguka upande uleule. Ampea mita, ile saa inayoonyesha kama betri inachajiwa, unabadilisha waya zake mbili. Dainamo ndo inabidi ifundishwe upya: unatoa waya zake zote, unachukua waya kutoka chanya ya betri unaigusisha kwenye F, ile taminali ndogo, chap, chap, cheche kidogo, imeshaelewa.

Nimemweleza fundi hesabu yote hii akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Mzee wangu, sema tu hutaki kuitupa."

Sikumjibu. Kifuniko cha katauti, swichi inayounganisha dainamo na betri, kina kibonyeo upande mmoja, pale baba alikuwa anagonga na mpini wa bisibisi asubuhi sindano ya ampea mita isiposogea, anagonga mara mbili, anasema "amka mama", na mara nyingi ilikuwa inaamka kweli. (Najua, pointi zilikuwa chafu. Nitazipiga msasa.)

Jumamosi nashuka Kampala, Kisekka, soko la vipuri, kutafuta waya mnene wa stata, boksi la fyuzi na waya za rangi tofauti tofauti, nimechoka kubahatisha. Mama ameshauliza mara mbili shamba la mahindi linalimwa lini. Nimemwambia nikirudi na waya.