Neno Lililotuzimia Taa

Kwa miaka sita nimekuwa msimamizi wa jukwaa hapa Mwanza, na jirani yangu wa Mabatini bado anaamini kwamba kazi yangu ni kupanga viti. Viti navipanga pia. Lakini msimamizi wa jukwaa ndiye anayekaa mazoezini tangu siku ya kwanza akiandika kila hatua ya mwigizaji pembeni mwa maneno ya mchezo, tena kwa penseli, kwa sababu mwongozaji kesho atakuja na mawazo mengine; na onyesho likishaanza, mwongozaji hana tena sauti, bali msimamizi ndiye anayeamuru taa, muziki na pazia.

Wapo walioijua sanaa ya jukwaa kwa kusoma Bagamoyo, katika Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mimi niliingilia mlango wa nyuma: nilikuwa mbeba ngoma wa kikundi, msimamizi akaugua malaria, nikakabidhiwa daftari lake.

Daftari lile lilifuata desturi ya Uingereza, ambako fundi hutahadharishwa kwanza ajiandae, kisha hutamkwa neno moja fupi la kutekeleza, na ni mwiko kulitumia neno hilo kwa jambo lingine. Sisi tulichagua “sasa”.

Katika onyesho la tatu, mama amepiga magoti akimlilia mwanawe aliyezama ziwani, na ukumbi umetulia hata feni zinasikika. Nikaona kijana wa kusukuma mtumbwi hayupo mahali pake, nikanong'ona kwenye redio: “Sasa huyu yuko wapi?” Fundi taa, mtiifu kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi, akazima taa zote kwenye neno la kwanza. Watazamaji walidhani umeme umekatika, baadhi yao wakawasha tochi za simu. Yule mama, Mungu ambariki, akaendelea kulia gizani mpaka mwanga uliporudi. Kosa lilikuwa langu.

Nilikulia Kisesa, karibu na Bujora, ambako wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma ya mwezi Juni, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa upande uliovuta umati mkubwa zaidi. Pale hakuna mwenye daftari. Wachezaji hugeuka kwa mdundo, na mdundo wa kugeuka haumponyoki mpigaji katikati ya maongezi. Ilhali sisi hatuwezi kuanza sentensi bila “sasa”. Tulijaribu “haya”, ikawa balaa zaidi. Hatimaye mpiga ngoma wetu, aliyevua dagaa Igombe kabla ya kuja kwetu, akatupa “ng'oa”, kama mtu anavyong'oa nanga, na tangu siku hiyo hakuna taa iliyozimika kwa bahati mbaya.

Msaidizi mpya nampa redio isiyo na betri, namketisha ubavuni pangu kwa maonyesho matatu, naye hunong'ona maagizo yote kana kwamba mafundi wanamsikia. Wengi huchelewa, kwa kuwa wanafuata macho badala ya pumzi ya mwigizaji. Binti ninaye­mfundisha hivi karibuni alisema “ng'oa” nusu sekunde kabla yangu, na nilipotazama jukwaani nikaona kwamba aliyechelewa ni mimi.