Mzee wa Isongole ameirudisha Noah

Jumanne, usiku.

Baridi ya Julai imeingia mpaka kwenye mifupa. Saa nne asubuhi ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya barabara kuu, malori ya kwenda Tunduma yakipita na taa zimewaka. Nilikuwa nje ya ofisi napepea jiko la mkaa nilipoiona Noah ya bluu ikiingia yadi yetu ya kuuza magari taratibu. Niliitambua kabla sijasoma namba. Mkataba wake niliuandika mwenyewe, mwezi kama huu mwaka jana.

Kijana alibaki kwenye usukani, injini inanguruma. Baba yake alishuka upande wa pili, koti zito, kofia ya sufu, ufunguo wa akiba mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeileta."

Hakusema zaidi. Nilimkaribisha ndani, nikammiminia chai, naye akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Ni mkulima wa viazi wa Isongole, huko juu Uporoto. Alilipa milioni 7 za kuanzia, na tukakubaliana marejesho 12 ya laki 6 kila mwezi, kadi ya gari ikibaki kwetu mpaka amalize. Kijana wake alikuwa anaiendesha kama mchomoko, abiria ndani na viroba vya viazi kwenye buti. Alilipa miezi minane bila kuchelewa hata siku moja. Kuanzia Aprili hakulipa tena. Mkataba unasema ukiruka marejesho mawili yadi inachukua gari, na ulichokwisha kulipa hakirudi.

Nimepiga hesabu hiyo mara tatu leo, kana kwamba itabadilika. Milioni 11 na laki 8 ameshatoa. Imebaki milioni 2 na laki 4.

Akaniambia habari za viazi. Msimu huu kila mtu alivuna kwa wakati mmoja, wanunuzi wa Dar es Salaam wakawa wanachagua watakavyo, gunia la lumbesa likauzwa kwa bei ambayo ukitoa mbolea, dawa ya ukungu na vibarua unabaki unajiuliza ulikuwa unalima nini. Abiria nao walipungua, kwa sababu asiyeuza hasafiri. "Noah haina kosa," alisema, "inadunda vizuri." Hapo nilishindwa kumtazama.

Nimekaa kwenye yadi hii tangu 2017. Nilianza wakati watu wanasema vyuma vimekaza, na nilidhani huo ndio ugumu wote nitakaouona. Serikali inatangaza kuwa uchumi unakua, nami sina ubishi na takwimu za nchi nzima. Ninachokiona kwenye daftari langu ni mzunguko wa pesa, na hapa Mbeya mzunguko huo huanzia shambani. Mchele wa Usangu na Kyela ukiwa na bei, kahawa ya Mbozi ikilipa, parachichi za Rungwe zikivuka mpaka, wiki ya pili watu wanaingia yadi na pesa kwenye mfuko wa rambo. Mkulima wa huku hapendi kuacha pesa ilale. Anajenga, ananunua shamba, au ananunua gari, na gari kwake ni akiba yenye magurudumu. Mazao yakianguka, anakuja kuivunja akiba hiyo hapa hapa alipoiwekeza.

Ndiyo maana miaka mizuri nawajua watu kwa walichonunua, na miaka migumu nawajua kwa wanachorudisha. Tangu Mei nimepokea magari matano kwa mtindo wa leo. Niliyouza kwa muda huo ni matatu.

Watu hudhani hali ikiwa ngumu bei za magari zinashuka. Magari ya mkononi, ndiyo, hushuka sana. Mtu mwenye ada ya mtoto inayomsubiri anauza Harrier yake kwa bei ya kulia. Lakini gari linalotoka Japan halisikii shida za Mwanjelwa. Lenyewe linasikiliza dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600, na kulikuwa na miezi ambayo hata ukiwa na shilingi zako benki wanakwambia dola hakuna, njoo wiki ijayo. Chukua IST ya dola 3,000 mpaka bandarini. Tofauti hiyo peke yake ni laki 9. Halafu inakuja kodi, ambayo hukokotolewa juu ya thamani hiyo hiyo: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kufuata ukubwa wa injini, nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, na mwisho VAT asilimia 18 juu ya vyote. Ukimaliza kujumlisha, kodi ya IST ya zamani inakaribia kulingana na thamani ya gari lenyewe. Kwa hiyo laki 9 ya dola inafika kwa mteja ikiwa karibu milioni 1 na laki 8, na hapo hujaweka mafuta na posho ya dereva wa kulipandisha kutoka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 800, Kitonga ikiwa katikati.

Nilikuwa na mwalimu mmoja wa kike, anafundisha shule ya msingi upande wa Mbalizi, aliyenifundisha hesabu hii kwa machozi. Alidunduliza miaka mitatu apate IST. Mara ya kwanza alipokuja alikuwa amepungukiwa milioni moja. Akaenda, akakopa kwenye kikundi, akarudi baada ya miezi minne na ile milioni. Bei ilikuwa imepanda milioni moja na nusu. Nilimwonyesha karatasi za bandari ili aone hatumwibii. Alizisoma zote, mstari kwa mstari, kama anasahihisha madaftari. Baadaye alichukua Passo, injini isiyofika cc 1,000, maana injini ndogo kiasi hicho haitozwi ule ushuru wa bidhaa wa injini. Huwa ananipungia mkono akipita. Wengi siku hizi wanashuka ngazi hivyo: aliyetaka Noah anachukua IST, wa IST anachukua Passo, wa Passo anaondoka na bodaboda.

Kisha Desemba 2024 shilingi ikapata nguvu, dola ikarudi karibu 2,400, na wateja wakaanza kutuuliza kwa hasira kwa nini bei zetu hazishuki. Walikuwa na haki ya kuuliza. Lakini magari yaliyokuwa yamepaki mbele yao yalinunuliwa kwa dola ya bei ya juu. Ukilishusha bei gari hilo umeuza kwa hasara, ukilishikilia linakuozea.

Na gari lisiloendeshwa linaoza kweli. Asiyefanya kazi yadi hawezi kujua. Betri inakufa, kwa hiyo kila baada ya siku tatu kijana wetu anawasha magari yote, moja baada ya jingine, na mafuta yanaungua bila kwenda popote. Tairi zinakaa upande mmoja mpaka zinapata bapa. Panya wanapenda waya za injini kipindi cha baridi. Tangu waanze kujenga barabara ya njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi, vumbi la kiangazi linatua juu ya rangi asubuhi na jioni, na kuliosha gari kila siku nako kunalichosha. Tuna Rumion moja nyeusi imemaliza mwaka na miezi miwili pale kwenye kona. Majani yameota chini yake. Nikiipita najisikia kama napita kwa mgonjwa.

Bosi wangu anaiona Rumion hiyo kwa jicho jingine. Magari haya hayakununuliwa kwa pesa ya mfukoni. Alikopa benki, nyumba yake ya hapa mjini, eneo la Forest, ikiwa dhamana, na riba haipumziki Jumapili. Benki Kuu ilishusha riba yake mpaka asilimia 5.75 Julai 2025, tukafurahi, lakini kwa mkopaji wa kawaida riba za benki bado zinacheza kwenye asilimia 15 kwenda juu. Kila asubuhi gari likiwa bado limepaki, limeongezeka gharama.

Niliwahi kusoma yaliyowapata wenye yadi wa Marekani mwaka 2009, baada ya mabenki yao kuyumba. Mwaka 2007 nchi ile iliuza magari mapya takribani milioni 16. Mwaka 2009 yakawa milioni 10 na ushee. Kampuni ya Chrysler, ikiwa imefilisika, iliwaandikia mawakala 789 kwamba mikataba yao imekwisha, wakapewa chini ya wiki nne kumaliza shughuli zao, magari yakiwa bado uwanjani na mikopo ya magari hayo bado inadaiwa. Kati yao walikuwemo watu waliorithi biashara hizo kwa baba zao. Nilikuwa nadhani mambo hayo ni ya wakubwa wa mbali. Siku hizi nikimwona bosi anazunguka kati ya magari saa kumi na mbili jioni, mikono nyuma, nawafikiria wale.

Jambo jingine linaniogopesha kuliko yadi kujaa. Watu wanaweka kadi za magari kwa wakopeshaji wa mitaani, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Wiki mbili zilizopita dada mmoja alinunua Vitz ya mkononi kwa dalali, nje ya yadi, kwa sababu bei ilikuwa nzuri mno. Kumbe kadi halisi imelala kwa mkopeshaji, yeye amepewa nakala. Alikuja kwetu kutuuliza afanyeje. Nikamwambia aende polisi na aandikishe kila alichonacho, sikuwa na lingine la kumpa. Dada zangu na kaka zangu mnaotafuta gari kipindi hiki: shikeni kadi halisi mkononi, linganisheni jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayewauzia, na umiliki uhakikiwe TRA kabla hamjatoa hata kishika uchumba. Bei ya kulia mara nyingi ina mtu analia nyuma yake, na pengine mwingine anayedai.

Narudi kwa mzee.

Nilimwomba asubiri nikaenda kwa bosi. Hili nimekuwa nikiliwaza tangu Mei, na leo nilipata ujasiri wa kulisema lote. Nilimwambia mikataba yetu imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara. Rejesho kila tarehe 5, laki 6, Januari mpaka Desemba. Lakini nusu ya wateja wetu ni wakulima, na mkulima hana tarehe 5. Ana mavuno. Tungemwekea rejesho dogo miezi ya kulima na kubwa miezi ya kuuza, tungepata pesa ile ile. Nikamwambia pia: tukiichukua hii Noah tutampata mteja gani? Itaenda kusimama karibu na Rumion. Tutawasha injini kila siku tatu. Na Isongole nzima itajua kwamba mzee alipoteza milioni 11 na laki 8 kwetu, na mwakani viazi vikipata bei watashuka bonde mpaka Uyole na kupita yadi yetu bila kugeuza shingo.

Alinyamaza kwa muda mrefu. "Dada," akasema, "na mimi nadaiwa. Nikimwonea huruma huyu, benki itanionea mimi?"

Sikuwa na jibu la benki. Nilimwambia tu kwamba benki nayo bosi angeweza kwenda kuongea nayo kabla haijaja, na kwamba mzee amefanya jambo ambalo wengine hawafanyi. Wengine huzima simu. Kuna aliyetupeleka mpaka Chunya kulitafuta gari kwenye machimbo ya dhahabu. Huyu ameoga, amevaa koti lake la kanisani, ameleta gari limeoshwa, tenki likiwa nusu.

Bosi alitoka nje. Akaizunguka Noah, akainama kuangalia tairi, akafungua boneti, akampa kijana mkono. Kisha akakaa na mzee kwenye benchi la nje, nami nikabaki dirishani naona midomo yao tu. Waliongea karibu saa nzima. Mzee amepanda viazi vya bondeni mwezi huu. Novemba anategemea kuvuna. Bosi amekubali kusubiri mpaka hapo kwa sharti moja, kwamba kila mwezi alete chochote, hata laki moja, ili daftari lisilale. Wengine wanne waliorudisha magari tangu Mei hawakuulizwa habari za mavuno. Hilo nitalisema tena, siku nyingine, bosi akiwa ameshiba usingizi.

Mzee aliponiaga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Chai yake ilikuwa bado mezani, imepoa.

Usiku huu nimeandika karatasi mpya, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida: tarehe za mavuno, viwango vya chini, viwango vya juu, na nafasi ya sahihi mbili. Kesho nampelekea bosi. Halafu nitaanza kuwapigia simu wale wanne, nikianza na mama wa Igawilo, maana gari lake bado halijapata mteja.